Diski Tatu Mezani kwa Darius

Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, mtu wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, akitaka sura yake ikae kwenye karatasi, alimwendea Godelieve. Wengi wanamwita Mama Ketsia, kwa jina la binti yake. Alijifunza kazi akiwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa kamera ya filamu aliyoachiwa na mjomba wake, na familia iliporudi nyumbani mwaka 2007 akafungua studio ya chumba kimoja nyuma ya soko. Alipiga picha za ndoa, za komunyo ya kwanza, za wanafunzi wanaokwenda kufanya egzameni ya Serikali, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, na mara nyingine za marehemu aliyekwisha kuvalishwa, kabla sanduku halijafungwa.

Kisha zikaja simu. Kila mtu akawa mpiga picha. Studio ikakosa watu, Godelieve akafunga mlango wake na kuihamishia kompyuta sebuleni, juu ya meza ambayo mumewe, mwalimu Placide, alikuwa akisahihishia madaftari. Placide akahamia jikoni na kalamu yake nyekundu.

Lakini simu zinaanguka ziwani. Zinaibiwa, zinakufa, zinauzwa mtu akikimbia. Kwa hiyo watu walianza kurudi, si kupigwa picha bali kutafuta zile za zamani. "Mama Ketsia, ungali na picha ya baba? Ile ya ndoa ya dada?" Naye alikuwa nazo. Hakuwahi kufuta hata moja. Giga mia nne za watu wa Baraka, wa Lweba, wa Makobola, hata wa kule juu milimani, zote ndani ya diski moja ya zamani, katika kompyuta kubwa nyeusi aliyouziwa na shirika moja lililokuwa linafunga ofisi zake.

Diski hiyo ndiyo iliyoanza kumsumbua. Kwanza ilichelewa kidogo. Kisha kompyuta ikawa inachukua dakika ishirini kuamka, na kila ukifungua folda unasikia ndani yake mlio mdogo, tk, tk, tk, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Na Godelieve hana umeme mwingine zaidi ya paneli moja ya jua na betri iliyochoka. Mashine ikitumia dakika ishirini kuamka na kumi na tano kufungua folda, betri inabaki na nini?

Aliyemfanya achukue hatua ni mwanamke mzee mmoja, Nyiransabimana, aliyeteremka kutoka milimani baada ya ng'ombe wa familia yake kuchukuliwa, na sasa anaishi kwa binti yake mjini. Mwanawe Muhoza alipigwa picha pale studio mwaka 2014, kwa ajili ya makaratasi ya egzameni. Miaka mitatu iliyopita Muhoza alipanda kwenda Minembwe, kule milimani, na hakurudi. Alizikwa hukohuko, na mama yake hakuwa na picha yake yoyote.

Mara ya kwanza alipokuja, kompyuta ilizimika folda ya 2014 ikiwa bado inajifungua. Mara ya pili ilifika mbali zaidi. Picha ndogondogo zilianza kutokeza kwenye kioo, moja, mbili, tano, na mama mzee akasogeza kiti karibu. Kisha betri ikalia mlio wake na kioo kikawa cheusi.

"Ile ya mwisho ilikuwa yeye?" aliuliza Nyiransabimana.

"Hapana, Koko," alijibu Godelieve, kwa neno la kumwitia bibi. "Tulikuwa hatuyafika."

"Sawa. Nitarudia siku ya jua mingi."

Alisema kwa upole, na upole huo ulimuumiza Godelieve kuliko angetukanwa. Kesho yake alikwenda kwa Darius.

Darius anauza simu, betri na nyaya katika duka la mbao kwenye barabara kubwa, na ndiye mtu pekee Baraka anayeleta vifaa vya kompyuta, kwa mashua za Kigoma au kwa magari ya Uvira, kutegemea njia ipi imefunguka. Alimsikiliza Godelieve akiigiza ule mlio, tk, tk, akatikisa kichwa.

"Mama Ketsia, ile diski iko nakufa. Ndani yake kuko sahani yenye kuzunguka, na sindano. Sindano ikichoka, njo mwisho. Sasa kuko hizi diski za SSD. Hazizunguke, hazipige kelele, zinakula umeme kidogo tu. Ordinateur, hii kompyuta yako, itaamuka mbele hujakaa kwa kiti."

Akapanga tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa bapa, ya ukubwa wa kadi ya uchaguzi, katika boksi lililofungwa vizuri, jina lake ni lile ambalo kila mtu analijua. Lakini ilikuwa ya giga mia mbili arobaini tu. Ya pili ilikuwa na umbo lilelile, ila imepakwa rangi ya dhahabu, imeandikwa tera moja, yaani mara nne ya ile ya kwanza, na jina lake hata Darius hakuweza kulitamka. Bei yake ilikuwa chini ya ile ndogo. Ya tatu haikufanana na diski hata kidogo. Ilikuwa kijiti chembamba kama kipande cha chingamu, giga mia tano. Darius alisema hiyo ndiyo inayokimbia kuliko zote.

Godelieve alizitazama. Yenye jina zuri haikumtosha. Yenye kumtosha haikuwa na jina. Na ile yenye jina na nafasi ilikuwa kijiti, na bei yake ilikuwa ya kumtisha. Alizishika moja moja, akazirudisha, akazishika tena. Wateja wawili walisubiri nyuma yake wakiguna.

"Ungekuwa we, ungechukua gani?" alimuuliza Darius.

"Mi? Zote ni muzuri."

Jibu gani hilo! Akatoka nje, akamtumia Ketsia ujumbe wa sauti. Ketsia yuko Bukavu, mwaka wa pili wa informatique, masomo ya kompyuta, na tangu aanze masomo hayo anajibu maswali kabla hayajamalizika. Jibu lilifika baada ya saa nzima, kwa sababu ya mtandao, na lilikuwa la sekunde tisa: "Mama, uchukue ile kijiti. Zile zingine ni za zamani. Usiogope, uchukue kijiti."

Akachukua kijiti. Pesa zilikuwa za mlango mpya wa nyuma, na Placide alimwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari, kwamba mwizi atashukuru.

Asubuhi yake alilaza kompyuta ubavu, akafungua skrubu zake kwa ncha ya kisu cha jikoni, akapangusa vumbi la miaka kwa brashi ya lenzi. Kisha akatafuta mahali pa kuchomeka kijiti. Alitafuta juu, alitafuta chini, akainua nyaya, akamulika kwa simu. Palikuwa na nafasi ndefu, ila kijiti hakikukaa. Palikuwa na nyingine fupi, ila hiyo ilikuwa ya kitu kingine. Alisukuma kidogo, akaogopa, akaacha. Akapiga picha ya tumbo lote la mashine na kumtumia Ketsia. Picha ilizunguka kwenye simu hadi alasiri ndipo ikaondoka.

"Pole, mama," alisema Ketsia, safari hii kwa sauti ndogo. "Hii mashine yako ni ya zamani. Haina nafasi ya kijiti. Ulitakiwa kuchukua zile bapa."

"Nilitakiwa? Ni nani aliniambia usiogope?"

"Sikujua ni ya mwaka gani."

"Ungeniuliza basi! Kuuliza kunakula nini?"

Mtandao ukakata, au binti aliukata. Ni vigumu kujua.

Darius alitazama boksi lililofunguliwa kama mtu anayetazama samaki aliyerudishwa sokoni jioni. Alimwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: kilichotoka kwenye boksi hakirudi. Godelieve akamwambia kwamba yeye ndiye aliyempiga Darius picha ya ndoa, tena mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza bwana harusi alikuwa amefumba macho. Darius akacheka, kisha akaacha kucheka, kwa kuwa mama huyu hakuwa anacheka.

"Bon. Tubadilishane. Nipe kijiti, uchukue hii ya tera moja. Na juu yake nakupa hii torche."

"Kwa nini tera moja inauzwa chini ya ile kadogo?"

"Ni promotion."

"Promotion ya nani?"

"Mama Ketsia, mi ninauza tu. Ingine haiko."

Ingine ilikuwepo. Ile ndogo yenye jina ilikuwa palepale, katika boksi lake. Godelieve aliitazama. Baadaye hakuweza kusema kwamba hakuwa na shaka. Shaka alikuwa nayo, tena ya kutosha. Lakini giga mia mbili arobaini maana yake ni kuwaacha nusu ya watu nje, na ile ya dhahabu iliahidi kuwabeba wote na nafasi ikabaki. Mtu aliyechoka anaamini kile kinachompunguzia kazi. Akaichukua, na ile tochi.

Hii angalau ilikaa. Alichomoa waya wa mashine ya kusomea CD, ambayo haikuwa imefanya kazi tangu zamani, akauchomeka kwenye diski ya dhahabu. Kompyuta ikaitambua, ikaandika: tera moja. Godelieve akapiga makofi peke yake. Akaanza kunakili.

Kazi hiyo ilichukua siku tano, kwa sababu jua la Baraka lina mambo yake na betri haivumilii zaidi ya saa tatu. Kila asubuhi alianzia pale alipoishia. Diski ya zamani ililia tk, tk, tk bila kupumzika, na mara nyingine ikanyamaza kabisa kwa dakika nzima, Godelieve akiitegea sikio mpaka ianze tena. Hakupika. Placide alikula mihogo baridi siku tatu. Siku ya tano kompyuta ikatangaza kwamba kila kitu kimefika.

"Usifute kitu," Ketsia aliandika. "Kwanza ufungue picha, moja moja, uone."

Alifungua za 2007. Nzuri, tena haraka, akafurahi. Za mwanzo wa 2008, nzuri. Kisha akafungua ndoa moja ya Agosti mwaka huo. Bibi harusi alitokea kuanzia taji mpaka kidevu, na chini ya kidevu kukawa na kijivu kitupu. Iliyofuata ilikuwa kijivu chote. Iliyofuata haikufunguka. Akaruka kwenda 2012: haifunguki. 2014: haifunguki. Majina ya picha yote yalikuwepo, ukubwa wake umeandikwa vizuri, lakini ndani hamna kitu. Siku tano alikuwa akiteka maji kwa kikapu.

Aliichomoa ile diski, akaiweka ndani ya pagne yake, kitenge alichojifunga, akatembea hadi barabara kubwa bila kumsalimu mtu. Mjini Baraka, hilo peke yake lilitosha watu kuuliza ni nani amekufa.

"Fungua," alimwambia Darius.

"Nifungue nini?"

"Hii. Ifungue mbele yangu."

Darius akaingiza kisu kwenye ukingo na kupindua. Kifuniko cha dhahabu kiliruka. Ndani, kwenye nafasi ambayo ingebeba tera moja, palikuwa na kadi ndogo ya simu, ile ya kuwekea nyimbo, imebandikwa kwa gundi. Pembeni yake, kwa gundi ileile, nati mbili za chuma za kuongeza uzito.

Mteja mmoja alicheka. Darius hakucheka. Alizigusa zile nati kwa kidole.

"Hata mi balinidanganya, Mama Ketsia."

"Ni we ulinidanganya mi."

"Nilileta kumi na mbili," alisema polepole. "Nimekwisha kuuza tisa. Moja nilimuuzia padri."

Godelieve alikuwa amekuja na maneno mengi, na sasa hakujua ayaweke wapi. Hasira yake yote ilikuwa imemlenga mtu mwerevu anayemcheka moyoni. Aliyekuwa mbele yake alikuwa mtu mwenye kisu mkononi, anayehesabu tisa. Hilo nalo likamkasirisha. Hata wa kumgombeza vizuri hakumpata.

Darius akachukua boksi la ile ndogo yenye jina, akampa, akafunga duka, akamfuata nyumbani kuiweka yeye mwenyewe. Alihamisha mfumo wa kompyuta kwenye diski mpya, akarudisha ile ya zamani kwenye waya wa pembeni, akabonyeza kitufe. Godelieve alikuwa akifunga pagne yake vizuri. Kabla hajamaliza fundo, kompyuta ilikuwa imeamka.

"Uliona?" alisema Darius.

"Niliona. Sasa niambie, watu wa giga mia nne wanaingia namna gani mu nafasi ya mia mbili?"

Darius alisema atatafuta nyingine kubwa ya jina hilohilo, mashua ikija. Lini? Hakujua. Godelieve alipofungua folda kwenye diski ya zamani, ule mlio ulikuwa umebadilika. Ulikuwa mzito zaidi, na mapumziko yake marefu. Zile siku tano za kunakili zilikuwa zimeimaliza. Nguvu yake ya mwisho ilikuwa imemwagwa kwenye nati mbili na gundi.

Hakukuwa na muda wa kungoja mashua. Akaketi mbele ya kioo kuchagua, na hapo ndipo alipolia, si kwa huzuni, kwa hasira tupu. Mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu, "Wewe picha yako haina maana." Sasa alitakiwa kuwaambia maelfu.

Alianza na Muhoza, kwa sababu mwenye kumdai alikuwa hai na alikuwa anasubiri. Folda ya 2014 ilifunguka baada ya mitetemo mingi, picha ikavuka kwenda diski mpya. Kisha akawatafuta wale anaojua wamekufa, kwa kichwa chake tu, jina kwa jina. Kisha mwaka baada ya mwaka: uso mmoja kwa kila mtu. Keki aliziacha. Magari yenye maua, aliyaacha. Wasimamizi wa ndoa waliosimama mara kumi na mbili mahali pamoja, akachukua mara moja. Mtoto aliyelia kwenye ubatizo na picha yake ya pili akiwa ametulia: achukue gani? Alichukua ya kulia, kisha akarudi akachukua na ya pili, kisha akajilaumu kwa kupoteza nafasi.

Alifika 2011, na diski ikakataa. Orodha ya majina ilitokea yote. Alipobonyeza jina, kioo kiliganda, mlio ukaja mara tatu, kisha kimya. Akazima, akawasha. Aliiacha ipoe siku nzima. Akaifunika kwa kitambaa, akaigeuza juu chini kama Ketsia alivyomshauri. Miaka mingine iliendelea kutoka kwa kusitasita. 2011 haikutoka.

Nyiransabimana alikuja siku ya mawingu, bila kungoja jua mingi. Picha ilifunguka mara moja. Godelieve alikuwa amekwisha kuichapisha pia, kwenye karatasi nzuri. Mama mzee aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Hii shati haikukuwa yake."

"Ilikuwa ya studio, Koko. Na kravati, hii tai. Wanafunzi wote walizivaa, mmoja baada ya mwingine."

"Yake ilikuwa ya kijani. Mi njo nilimununuliaka."

"Pole."

"Uso ni wake." Hakuikunja karatasi. Aliiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, akaomba kitambaa cha kukifunga. Mlangoni alisema tena, si kwa kulaumu: "Kijani ilimupendezaka."

Godelieve alidhani angalau siku hiyo angelala na moyo mwepesi. Badala yake aliwaza mashati ya watu wote waliopita studio, na hasira ikarudi.

Wiki mbili baadaye akaja Déogratias, mvuvi wa Lweba, ambaye nyumba yake ilichukuliwa na maji ziwa lilipopanda. Walipoteza kila kitu, na sasa mkewe alikuwa mgonjwa na alitaka kuona ndoa yao.

"Ni mwaka gani?" aliuliza Godelieve, ingawa alikwisha kukumbuka. Wingu la vumbi, bendi ya kanisa, bibi harusi mrefu kuliko bwana.

"Elfu mbili na kumi na moja. Mwezi wa nane."

Alimweleza yote: mlio, kijiti, dhahabu, nati. Alimweleza kwamba Bukavu kuna mtu anayefungua diski zilizokufa, kwamba Ketsia amekwisha kuongea naye, kwamba diski itakwenda mara atakapopata mtu wa kuaminika wa kuibeba, na kwamba hata huyo mtu hakuahidi kitu. Déogratias alisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini iko ndani?"

"Iko ndani."

"Basi unionyeshe jina tu."

Akawasha. Orodha ikatokea, na kidole cha mvuvi kikashuka juu ya kioo mpaka kikasimama: Ndoa Deo, kuanzia moja hadi themanini na sita.

"Themanini na sita," alisema. "Sikujua zilikuwa mingi hivi." Akasogea. "Bonyeza moja."

"Haitafunguka, Papa Deo. Na kila nikibonyeza ninaiumiza."

"Moja tu."

Godelieve aliondoa mkono kwenye kipanya, akauficha mapajani. Walikaa hivyo wakitazama majina, mpaka Déogratias akauliza gari la kwenda Bukavu linaondoka lini. Godelieve akamwambia barabara imekatika Makobola tangu Jumanne, na hakuna anayejua itafunguka lini.